Swali la Tano

2 Aprili

Wifi yangu,

Salamu ni nyingi, afya ndiyo kidogo. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yangu siku hizi inasikika kwa spika tu, na hapa kibandani wateja wana masikio marefu kuliko sungura. Nikitaja nyonga kwenye simu leo, kesho mtaa mzima unaniuliza nyonga ya nani.

Jana alinipigia karani wa hospitali yenu. Kasema mmeanza tena kuita watu wa mifupa na jina langu liko juu kwenye orodha. Unajua nimengoja miaka minne. Mara ya kwanza daktari alisafiri, mara ya pili vyuma havikufika, mara ya tatu ikaingia hii korona mkafunga kila kitu. Sasa mnaniita wakati watu wanapukutika. Mnanifanyia hisani au mnapunguza watu?

Nakuuliza wewe, si muuguzi, nauliza wifi tuliyekula naye chungu kimoja. Ni salama? Kila mteja wangu ana mtu wake aliyeingia hospitali kwa mguu akatoka ndani ya sanda. Lakini mguu wenyewe haunipi nafasi ya kuogopa vizuri. Mfupa unasaga mfupa. Cherehani naikanyaga kwa kushoto peke yake, na mshono unakwenda kilevi. Kupanda kitandani nashika gauni langu mwenyewe, nanyanyua mguu wa kulia kama mzigo wa jirani. Chooni naenda na kiti nilichotoboa katikati, na usicheke.

Wiki jana niliinama kuokota pini, nikajikuta sakafuni, kunyanyuka siwezi. Nilikaa hapo toka saa nne mpaka mteja alipokuja saa saba. Nikamwambia natafuta kifungo.

Nijibu ukweli. Msalimie mdogo wangu, mwambie baiskeli za watu azirudishe.

Wifi yako,
Mkasi


9 Aprili

Wifi yangu mpendwa,

Barua nimeipokea kwa kondakta wa basi la asubuhi. Kiti nimekicheka, nisamehe.

Umetaka ukweli, basi huu hapa. Nilimfuata daktari wa mifupa mwenyewe baada ya kazi nikamwuliza kama ndugu. Alisema kisu hakijabadilika, ganzi ni ileile ya mgongoni, chuma ni kilekile. Kilichobadilika ni kitu kimoja. Mtu akipasuliwa huku tayari ana ugonjwa ndani, hata kama anajiona mzima, mapafu yanaweza kumshinda siku chache baada ya kushonwa. Wapo waliokwenda hivyo. Lakini asiye nao akiingia kwetu, hana tofauti kubwa na aliyepasuliwa mwaka juzi.

Kwa hiyo wodi yetu wameitenga. Ina mlango wake, ngazi yake, wafanyakazi wake, hata ndoo za kudekia ni zake. Wa kukohoa wako jengo la ng'ambo na hatupitani. Vipimo vya puani vimekwisha toka mwezi uliopita, kwa hiyo kinachobaki ni kipimajoto na maswali. Na mwulizaji ni mimi. Nakaa mlangoni na fomu yenye maswali matano: homa, kikohozi, kubanwa kifua, kukaa karibu na mgonjwa, na kupotewa na harufu au ladha. Ukijibu ndiyo kwa moja tu, narudisha mtu kwao. Nimeshawarudisha kumi na wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wangu wa darasa la nne, akanilaani mbele ya foleni.

Nafasi yako ni tarehe 11 Mei. Ukiikataa, wifi, sitakudanganya: kuanzia Juni wodi yetu nayo itachukuliwa iwe ya oksijeni. Daktari ameona picha yako. Anasema mfupa umelika hadi ukingoni, na ukikaa mwaka mwingine hakutakuwa na pa kushikizia chuma.

Ukikubali, siku kumi na nne kabla ya hapo hutoki na huingizi mtu. Kibanda unafunga.

Wifi yako,
wa Mlangoni

Mkasi, ni mimi Spoku. Baiskeli za watu ziko salama, watu ndio hawaendeshi. Kubali. Ulinibeba mgongoni mpaka nikaota meno, acha nami nikubebe siku moja. Nimechora gurudumu langu hapo chini kama kawaida, njiti moja haipo. Iliyokosekana ndiyo mimi.


16 Aprili

Wifi,

Nimekubali. Nimekubali kwa woga, nakwambia mapema ili usije ukanisifu.

Siku kumi na nne ni nyingi kwa fundi. Lakini nitafunga kuanzia tarehe 27. Nimeshabandika karatasi mlangoni: FUNDI ANASAFIRI. Jirani kaniuliza nasafiri kwenda wapi na mguu huo. Nikamwambia naenda kuolewa. Kaamini, mpumbavu yule, na keshaanza kuuliza zawadi.

Wifi, kitu ninachokitaka hata si kutembea sana. Nataka kukanyaga cherehani kwa miguu miwili, sare ya shule imalizike kwa siku moja kama zamani, na nikidondosha pini niiokote. Hayo tu. Kama Mungu ana haraka na mimi, anichukue nikiwa nimekaa kwenye kiti changu.

Mwambie Spoku akila vizuri, kunibeba ataweza. Kwa sasa upepo ukivuma naogopa yeye ndiye ataomba abebwe.

Mkasi


27 Aprili

Wifi yangu,

Haraka tu, kondakta anapiga honi. Wodi inapokea asubuhi ya siku ya upasuaji yenyewe, si kabla. Basi la usiku silitaki kwako. Njoo tarehe 8, ulale kwetu siku tatu, chumba cha nyuma nimekisafisha kwa dawa hadi mende wamehama. Kwenye basi kaa dirishani, dirisha wazi, barakoa usiishushe hata kula. Spoku atakupokea stendi.

Wa Mlangoni

Mgongo nimeuandaa. Spoku. (Gurudumu hilo.)


4 Mei

Wifi,

Siku ya nane ndani. Nimehesabu mabati ya dari, ni kumi na saba, moja lina kutu yenye sura ya balozi wetu wa nyumba kumi.

Nikupe kichekesho. Nimefunga kweli, ila mama mmoja alinililia dirishani, mwanawe anahitaji sketi, ndiyo ya mwisho, akakipitisha kitambaa kwenye nondo. Nimkatae vipi? Alikuwa anakohoa kidogo, akasema ni vumbi la barabara, na mimi nilivaa barakoa. Hiyo ni wiki iliyopita. Basi jana nimeimaliza, nikatia makaa kwenye pasi, nikaiweka juu ya sketi, nikageuka kutafuta kifungo. Nashtukia jirani anagonga ukuta: fundi, unaungua! Nageuka, moshi umejaa, sketi ina tobo la umbo la pasi kamili. Mimi ndani ya chumba sikusikia kitu, yeye upande wa pili wa ukuta kasikia. Nikachukua kitambaa nikakiweka puani, hamna. Labda ni mafua ya vumbi la pamba, pua zimeziba. Mwili mwingine mzima kabisa, na hamu ya kula ninayo ingawa chumvi ya siku hizi naona haina chumvi.

Fundi wa miaka thelathini kuunguza sketi! Usimwambie mtu. Tarehe 8 nipo njiani.

Mkasi


12 Mei

Wifi yangu,

Barua hii itakaa kwanza dirishani siku nzima ndani ya mfuko wa plastiki, ndiyo kanuni, kisha utapewa. Simu hazipiti mlangoni, kwa hiyo tuendelee na karatasi.

Nimesikia ulitoka salama. Daktari mwenyewe alipita mlangoni kwangu akasema mfupa wako ulikuwa kama biskuti, ila chuma kimekaa. Nililia, nikaharibu barakoa mpya.

Samahani jana nilikuuliza haraka haraka. Foleni ilikuwa ndefu na mkuu wa wodi alikuwa amesimama nyuma yangu.

Ukisikia kifua kizito au pumzi fupi, hata kidogo, bonyeza kengele. Usione haya. Hata usiku. Niahidi.

Wa Mlangoni

Mkasi wewe ni mzito! Toka stendi hadi nyumbani mgongo ulinilaani. Umeondoka na koti langu nililokufunika, lina grisi, usiwaambie madaktari ni dawa. Spoku. (Gurudumu.)


15 Mei

Wifi na mdogo wangu,

Nimesimama.

Jana wamenisimamisha na fremu, watu wawili wamenishika huku na huku. Nilingoja yale maumivu ya siku zote, yale ya kusaga, nikakunja uso kabisa kuyapokea, hayakuja. Yapo ya jeraha, makali, lakini hayo ni ya mgeni, yataondoka. Nimelia mbele ya kijana wa mazoezi akadhani nimeumia.

Usiku wa pili nilikuwa na kahoma na pumzi kidogo nzito. Niliogopa, nikabonyeza kengele kama ulivyosema. Wakasema ni kawaida baada ya upasuaji, wakaniwekea hewa ya mpira puani siku mbili. Sasa imekwisha.

Marufuku ni nyingi. Nisikunje miguu, nisikae kiti kifupi, nisiiname. Pini zingoje. Kitanda cha jirani wamekiweka mbali, mama wa kule tunazungumza kwa kupiga kelele kama wauza samaki.

Koti la Spoku nimelifanya mto. Nimewaambia ni la mchumba.

Mkasi


20 Mei

Wifi yangu,

Nimefurahi sana umesimama. Fuata mazoezi.

Mimi nipo mapumziko siku chache, mlangoni utamwona mwenzangu mrefu, ndiye anayeleta barua zetu. Usijali. Kazi zilinizidi.

Spoku hajaandika leo, ana kazi nyingi. Anakusalimu.

Wa Mlangoni


22 Mei

Wifi,

Kazi nyingi? Juzi tu watu hawaendeshi baiskeli! Mwambie barua isiyo na gurudumu naihesabu ni nusu barua.

Natembea mpaka dirishani na kurudi, magongo mawili. Wamesema tarehe 28 natoka. Nitakuja kwenu, nikae wiki moja mnilishe, halafu nirudi kibandani. Nataka nimwonyeshe Spoku. Nitamtembelea kutoka mlangoni mpaka jikoni, yeye akae, mimi nitembee, abadilike yeye kuwa mzee.

Kwa nini wewe uko mapumziko? Mwenzako mrefu nikimwuliza anaangalia viatu vyake.

Mkasi


26 Mei

Wifi yangu,

Usije kwetu. Chumba cha nyuma tunakipaka rangi na harufu yake ni mbaya kwa mtu aliyetoka hospitali. Nimeongea na wodi, gari lao litakupeleka hadi kwako pamoja na mgonjwa mwingine wa njia hiyohiyo. Jirani yako nimemwomba akuangalie. Ameuliza kama bwana harusi atakuwepo.

Kula vizuri. Vidonge vya kuzuia damu kuganda usiviruke.

Wa Mlangoni

Dada, nafurahi unatembea. Nitakuja kukuona kazi zikipungua. Spoku. (Gurudumu.)


6 Juni

Wifi,

Nipo nyumbani siku ya kumi. Natembea ndani kwa gongo moja. Nimekaa na barua yako ya mwisho muda wote huu kwa sababu nikikujibu itabidi unijibu.

Mdogo wangu toka apate akili hajawahi kuniita dada. Nilikuwa Mkasi hata siku ya msiba wa mama. Na gurudumu lake hulikosesha njiti moja, hata kwenye bango la kibanda chake. Hilo la barua yako lina njiti zote. Umelichora vizuri, wifi, umelichora kwa rula. Nililiona palepale kitandani tarehe 27, nikalikunja, nikaliweka chini ya koti. Kesho yake nikaingia kwenye gari lao nikaletwa huku, sikuuliza mtu. Niliona nikiuliza watanijibu. Nikafanya mazoezi yangu. Nilifanya yote, asubuhi na jioni, Mungu ananiona, nikiwa najua.

Sasa nikuambie langu. Ile harufu haikuwa vumbi la pamba. Nilijua. Si siku ya sketi, siku ile nilijidanganya. Ila kesho yake nilifungua chupa ya mafuta ya taa nikaivuta mpaka kichwa kikauma, nikawa kama navuta maji. Bango la maswali yenu liko pia kwenye zahanati ya hapa, nimepita mbele yake mara mia. Nikajua, nikapanda basi. Nilipanga hivi: wifi akiniuliza mlangoni nitamwambia, potelea mbali, nirudi na mguu wangu. Nilikuwa nimeshaandaa mdomo. Ukauliza homa, ukauliza kikohozi, ukauliza kifua, ukauliza kama nimekaa na mgonjwa, na hilo nilikataa kwa sababu mama wa sketi nilishamwamini ni vumbi. Halafu ukasema, pita.

Manne, wifi. Nilihesabu. Nikafikiri umesahau, nikaona ni bahati yangu. Nikapita.

Siku tatu nimekula naye sahani moja. Nilikuwa mgongoni kwake, mdomo wangu uko sikioni kwake, nikimchekesha.

Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyeficha kimeniacha na mguu mpya.

Niambie ni tarehe gani. Niambie tu tarehe.

Mkasi


13 Juni

Wifi,

Ni tarehe 24 Mei, saa kumi na moja alfajiri, jengo la ng'ambo.

Alianza tarehe 15. Mimi pia niliugua, siku nne za kichwa basi. Yeye aliingia oksijeni tarehe 19. Sikuruhusiwa ndani. Mimi niliyerudisha watu kumi na wawili nilisimama nje ya mlango wa mwenzangu, naye akaniuliza maswali yangu mwenyewe, na kwa matatu jibu lilikuwa ndiyo. Walimzika watu wanne wenye mavazi ya plastiki. Niliangalia kutoka barabarani. Nilimjua kwa urefu wa jeneza tu.

Sikukwambia kwa sababu daktari alisema presha ikipanda wiki ile, mshono na mapafu yako vingekuwa hatarini. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nyingine ni kwamba nilipokuwa naandika anakusalimu, kwa dakika ile alikuwa anakusalimu.

Hukustahili kuhesabu peke yako, kwa hiyo nami nikumalizie. Sikusahau. Barua ya sketi ilifika tarehe 6. Niliisoma jikoni nimesimama. Nikaisoma tena nimekaa. Kazi yangu ni ile, wifi, ningewezaje kutoijua? Nikampa Spoku. Akacheka mpaka pale kwenye tobo la pasi, kisha akaisoma tena. Nilimwambia lazima nikuandikie usije. Nilimwambia unaweza kufa mezani. Akauliza kama ni lazima ufe. Nikasema si lazima, wapo wanaopona. Akauliza na mguu, ukikosa sasa, je. Nikasema mguu hapana, hautakuwepo mwingine.

Akazungusha kikombe mezani. Halafu akasema, "Usimwulize. Mkasi hajui kudanganya, ukimwuliza atakwambia, na utalazimika kumrudisha."

Ndiyo maana siku zile tatu hakuniruhusu kukushika. Hukuona? Alikuogesha miguu yeye, alikubeba yeye, sahani alikula na wewe ili nisile mimi. Alisema muuguzi mmoja akiugua wodi nzima inafungwa na upasuaji wako unakufa. Nikaona ni hesabu nzuri. Miaka kumi na minane ya kazi, nikaona ni hesabu nzuri.

Sote tuliogopa kisu. Kisu hakikuwa na neno.

Najaribu kukuchukia, wifi, siwezi kwa muda mrefu, nachoka. Najaribu kumchukia yeye. Kwa huyo ndiyo naweza, asubuhi, kitanda kikiwa kipana. Kazini niliwaeleza swali la tano. Wameniondoa mlangoni, nimepelekwa stoo ya shuka. Mama wa kitanda cha jirani yako ni mzima, nilifuatilia.

Kliniki yako ni tarehe 20 Julai. Mlangoni atakuuliza mwingine, na atauliza yote. Usifikie kwangu. Si kwa ubaya.

Mke wa Spoku


30 Juni

Wifi,

Barua yako niliisoma mara moja, nikaifungia kwenye boksi la vifungo.

Jumatatu nilijaribu cherehani. Nimeinua kiti kwa matofali mawili kama walivyoagiza. Nilikanyaga kwa miguu miwili, dakika kumi tu. Mshono ulikwenda umenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Mguu hauumi hata kidogo, na nilingoja uume. Nimeshona sketi ya yule mtoto upya. Mama yake hakuja kuichukua, nasikia naye alikwenda mwezi wa tano.

Jana nikitia makaa kwenye pasi nilisikia kitu kwa mbali, kama mtu anaita nyuma ya ukuta. Nikainama kidogo, nikavuta. Ilikuwa harufu ya moshi. Imerudi. Nikaiacha pasi pale nikaenda kitandani kwenye koti la Spoku. Wodini nimelilalia siku kumi na saba, na hapa mwezi, na wala sikuwa nalisikia. Linanuka grisi, wifi, na jasho lake la shingoni, pale nilipokuwa nimeweka uso. Sikulifua. Nimelikunja kwenye mfuko wa plastiki ili harufu isiishe, na nikifungua naona inapungua, kwa hiyo sifungui.

Ni lako. Tarehe 20 nitakuja nalo. Sitafikia kwako. Nitakaa benchi la nje, lile la upande wa stoo ya shuka, mpaka jina langu liitwe. Mfuko nitauweka pembeni yangu. Ukipita uuchukue, si lazima usimame.

Mkasi